Jina Nililolitaja Kituoni

Mama alinituma kukusanya maharage yetu kabla jua halijazama. Huku kwetu, juu ya Ngungu, tunayaanika kwenye kituo cha zamani cha reli, kwa kuwa ndiyo saruji pekee kijijini. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Kimebaki kipande kimoja, kinaning'inia kwa mnyororo.

Kila mtoto hapa anafundishwa: jioni, kituoni, usitaje jina la mtu.

Enzi za shamba la chai, mlinzi wa kituo aliitwa Nzabandora. Aligonga kipande kile na kuwaita wasafiri kwa majina. Siku moja akagundua kwamba mkewe, Francine, anapendana na dereva wa treni. Akagonga. Akaita jina la dereva. Treni ikateremka mlimani na haikufika popote.

Koko wangu, mama yake baba, alikuwa na mwisho wa habari hiyo. Sikuwahi kuungoja.

Njiani nilikutana na Faustin akisukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, magurudumu yakilia chini ya magunia. Jumamosi angepeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Astrid. Astrid, niliyempenda tangu darasa la nne. Faustin akacheka.

"Kaka mwalimu, weye ngombe zako ziko mu kaye?"

Ng'ombe wa daftarini; wa kweli sikuwa nao. Nilifika kituoni kifua kinawaka.

Niliinama, nikakusanya. Ukungu ukashuka. Kisha harufu... grisi, na makaa.

Ngo... ngo... ngo.

Nikainua macho. Kipande cha reli kilikuwa kimetulia.

Mtu akanong'ona nyuma ya shingo yangu.

"Nani iko naenda?"

Nilijua la kufanya. Kunyamaza.

"Faustin," nikasema.

Asubuhi chukudu yake ilikutwa kituoni, inanuka makaa, mwenyewe hayupo. Nikavaa shati safi, nikaenda kumfariji Astrid. Mama yake alikuwa akilia mlangoni. Kitanda cha binti kilikuwa kitupu.

Ndipo nikamwuliza koko. Hakunitazama.

"Francine pia alipandaka mu ile treni. Mwenye wanaita anaenda na mwenye anamupenda."

Watu wanasema wametorokea Goma. Labda. Lakini kila jioni, nikiokota maharage, nasikia vicheko viwili ndani ya ukungu. Kisha ile sauti inaniuliza tena.

Ninalo jina moja tu la kutaja, langu. Linafika mdomoni, nalimeza.

Najua nikilitaja, nitapanda peke yangu.