Tangi Bila Samaki

Kitatange alianza kujikuna siku ya Jumanne, wakati wa chai. Aliliegemea jiwe jipya, akasugua ubavu mmoja, akageuka, akasugua wa pili, kama mbuzi kwenye nguzo ya banda. Samaki hana mikono, kwa hiyo ukimwona anajikuna usicheke.

Fundi alicheka. Huyu alikuwa fundi wa mafriji, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Sebule yao ilikuwa ndogo, lakini tangi la maji ya chumvi lilimeza ukuta mzima, kochi likasukumwa mpaka karibu na mlango. Ndani ya tangi aliishi samaki mmoja tu, kitatange wa manjano, mchoyo wa nafasi kupita kiasi.

Wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi wana sheria moja: kitu kigeni hukaa kwanza kwenye ndoo yake wiki kadhaa, ndipo kiingizwe tangini. Fundi aliwahubiria hivyo hata majirani wasiouliza. Lakini jiwe lile alilikuta katika nyumba aliyoitwa kutengeneza friji, nalo lilikuwa zuri, la zambarau, lenye matundu matundu. Wenye nyumba walikuwa wanahama mbiombio, na tangi lao halikuwa na samaki hata mmoja. "Chukua tu," mwenyewe alimwambia bila kumtazama usoni. Fundi akalitumbukiza tangini kwake jioni ileile. Mganga hajigangi.

Kufikia Alhamisi kitatange alikuwa na vidoa vyeupe mwili mzima, mfano wa chembe za chumvi, na chakula hataki. Mchana huohuo binti yao wa miaka saba, waliyempa jina la utani Kidosho, alisimama kwenye fremu ya mlango akisugua mgongo, juu chini, juu chini.

"Una nini, mwanangu?" mama yake akamuuliza.

"Nawashwa, mama."

Mama akamfungua vifungo vya gauni. Mgongo mzima ulikuwa umejaa chembe nyeupe. Alizifuta kwa kidole, hazikufutika, na kidole kikabaki kikinuka kama ufuo wakati maji yamekupwa, na vitu vilivyoachwa juani vimeoza.

Daktari akatoa dawa ya kupaka. Jumapili madoa yakatoweka, kwa mtoto na kwa samaki, saa ileile. Fundi alipiga makofi. Mkewe hakuweza kufurahi naye, kwa sababu tangu adhuhuri alikuwa akisikia kitu kikikwaruza chini ya zulia, polepole, kikitoka penye tangi, kikipita chini ya kochi, kikinyamaza kila alipoinua mguu, kikianza tena kila aliposhusha pumzi, mpaka kikafika mlangoni mwa chumba cha mtoto, na hapo kikatulia.

"Mama," Kidosho akanong'ona kutoka kitandani, "yule wa mgongoni ameshuka."

"Nani?"

"Yuko chini ya zulia. Anasema anazaa kwanza. Halafu watarudi wote."

Usiku huo walilala wote watatu jikoni, taa ikiwaka. Kulipokucha Fundi alikimbia kwa mwanamke aliyemuuzia kitatange, Mama Matangi. Akaja naye. Yule mama alisimama kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Mimi ni muuza samaki," alisema kwa sauti ya chini. "Ila marehemu baba yangu alikuwa mganga, akiwatoa watu majini, na dawa ni ileile. Hayo madoa hayakupona, yameshuka. Ugonjwa huu hulala mchangani, ukazaana, ukarudi kwa samaki kwa wingi. Jini aliyekuja na jiwe lako naye ana tabia hiyo."

"Nilitupe jiwe?"

"Jiwe alishalihama. Mnyimeni mwili. Samaki nitamweka kwangu, kwenye ndoo ya dawa. Ninyi tokeni leo, mtoto angali msafi. Siku sabini na sita kisiingie humu kitu chenye damu, hata paka. Njaa itammaliza yeye na wanawe. Wakipata mwili mmoja tu, hata kwa dakika, hesabu inaanza upya. Na wakimrudia mtoto, Fundi, sikufichi, hatapona."

Wakatoka. Mama na mtoto walikwenda kwa shangazi. Nyumba ya shangazi ilikuwa finyu, hivyo Fundi akalala karakanani kwake, akawa anamsalimu mwanawe kwa simu. Mashavu ya Kidosho yalirudi. Kitatange naye akaanza kula, na roho yake mbaya ikarudi vilevile.

Siku ya sabini na saba, saa nne asubuhi, jua kali, walikutana mlangoni. Kidosho alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki wenye maji na samaki wake. Fundi akafungua, akatangulia ndani.

Mkewe akasimama nje ya kizingiti. Alikuwa anatazama tangi. Maji ya tangi hukauka kidogo kidogo, na kila wiki Fundi huongeza ndoo nzima ili yafike kwenye mstari aliouchora kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku zote zile yalipaswa kuwa nusu. Yalikuwa kwenye mstari.

"Fundi," aliuliza polepole, "nani ameongeza maji?"

"Pampu ingeungua, mke wangu. Nilipita Ijumaa. Dakika kumi tu."

"Ijumaa ipi?"

"Zote," Fundi akasema.

Mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta, na ulikuwa unakwenda juu chini, juu chini, wala mwenyewe hakujua mpaka alipoyaona macho ya mkewe, na alipoacha, chini ya zulia vitu vingi vikaanza kukwaruza kutoka pande zote za sebule, vikielekea mlangoni.

"Baba!" Kidosho akainua mguu. Mama yake akamvuta nyuma kwa nguvu.

Fundi alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. "Msiingie," alisema. "Nikitoka, nawaleta hawa kwa mtoto. Nikibaki, wana cha kula."

Akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili. Mke alilia akiupiga kwa viganja. Kutoka ndani alisikia mgongo ukisugua mbao.

"Mama," Kidosho akauliza, "tutarudi baada ya siku ngapi?"

Mama alifungua kinywa aseme sabini na sita. Hakusema. Hesabu isingeanza maadamu baba yake alikuwa hai mle ndani.