Bia ya Bishay Katika Mfungo

Bishay hakuwa na shamba, wala ng'ombe, wala nyumba isiyo ya kupanga. Hakuwa na cheti cha shule, wala mjomba serikalini wa kumshika mkono. Alikuwa na mikono miwili tu, nayo ilijua kuongoza msumeno wa machimbo ya mawe kuliko ya mtu yeyote ng'ambo ya mto Nili pale Minya, Misri. Mikono hiyo ndiyo iliyomlipia Mina, mwanawe wa kwanza, masomo ya ualimu kule Asyut.

Jioni za nyumba ile zilikuwa za amani. Insaf, mkewe, alipika dengu, na wadogo walisoma kwa sauti. Kisha ukaingia Mfungo Mkuu. Sisi Wakopti, Wakristo wa Misri, katika mfungo huo hatuli nyama wala maziwa, na wenye bidii hawaonji hata maji mpaka alasiri. Bishay alikuwa na bidii. Lakini jioni moja Sidhom, mwenzake wa machimboni, alimletea chupa.

"Bia ni shayiri, bwana. Ina nyama? Ina samli? Basi ni chakula cha mfungo!"

Wakacheka. Bishay akanywa moja, kisha tatu, tumboni mkiwa na maharage machache.

Ndugu zangu, anayetaka kujidanganya hakosi wakili.

Asubuhi kichwa kilimgonga. Hakujua kwamba bia huyatoa maji ya mwili kwa mkojo, na huvuruga usingizi hata aliyelala fofofo akaamka amechoka.

"Baba Mina, kunywa maji," Insaf alimwambia. " Midomo imekupasuka."

"Maji kabla ya alasiri? Unataka nivunje mfungo?"

"Bia jana haikuvunja, leo maji ndiyo yavunje?"

"Kichwa kinaniuma, mama. Usiniongezee."

"Basi nenda kwa padri. Mgonjwa huruhusiwa."

Hakwenda. Padri angeuliza ugonjwa umetoka wapi. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kazini.

Jioni Sidhom alimcheka. "Dawa ya moto ni moto. Zimua!"

Akazimua kwa chupa nyingine. Kichwa kikatulia kwa saa chache, kesho yake kikarudi na hasira zaidi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki: usiku bia, mchana kiu.

Siku moja jua lilikuwa kali juu ya jiwe jeupe, na Bishay akaona misumeno miwili mahali penye mmoja. Kizunguzungu kikamshika. Akanyoosha mkono ajiegemeze kwenye jiwe. Alichokigusa hakikuwa jiwe.

Sidhom ndiye aliyembeba, akilia kama mtoto. Hospitali walimwokoa roho, lakini mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko.

Padri alikuja kumwona. Akasikia kisa chote. "Mwanangu," alisema, "ningekunywesha maji mimi mwenyewe."

Bishay akageukia ukutani.

FUNZO

Kichwa kinachouma baada ya bia ni mwili unaodai maji na usingizi wake. Asiyekunywa hakijui. Anayekunywa na ale kwanza, anywe kidogo, na maji yafuatane na kila gilasi. Kikishauma, tiba ni maji, supu, chakula chepesi na kulala, wala si kushika mashine. Vidonge visimezwe ovyo juu ya pombe, maana vingine huumiza ini na vingine tumbo. Kuzimua ni kuahirisha maumivu tu. Na ibada isifanywe pazia la kufichia aibu, kwani Mungu hakumwomba Bishay mkono wake.

Mina aliposikia, aliandika kwamba anaacha chuo aje asimame kwenye msumeno wa baba.

"Mwambie abaki," Bishay alimwambia mkewe. "Tutakula dengu."

"Atataka kujua ilikuwaje."

"Mwandikie yote."

"Na bia?"

"Anza na bia."

Insaf akaandika mpaka karatasi ikajaa. Akalamba bahasha, Bishay akaikandamiza kwa kigutu chake mpaka ikashika, na mama Mina akajitanda shela, akaipeleka posta.