Jajuok wa Jumamosi

Siku ya soko mjini Migori, duka la vipodozi la Mulki hujaa watu hadi mlangoni, na ndiyo siku Cephas Omanga aliyoichagua kuingia na mabega yake yote mawili. Fulana nyeupe ilimbana kifuani, na kichwa kilikuwa kimenyolewa kikang'aa. Wanawake walimpisha bila kuombwa. Alifika kaunta akaagiza mafuta ya mtoto, chupa sita.

Aliyekuwa akiuza ni Filister, binti wa kisiwani Rusinga, mwenye gauni la manjano, nywele zilizosukwa nyembamba hadi kiunoni, na mdomo ambao haukuwahi kungoja zamu yake.

"Sita? Kwani uko na watoto wangapi?"

"Sina hata mmoja. Ni ya kujipaka."

"Chupa sita ujipake? Wewe ni mtu ama ni chapati?"

Duka zima likacheka. Mulki, mwenye duka, akagonga meza kwa pete yake. "Filister, uza kwanza! Utaolewa baadaye."

Cephas alilipa, akayasahau mafuta makusudi, akarudi kuyachukua watu walipopungua. Ni ujanja wa kizamani, lakini wasichana bado huupokea. Aliondoka na chupa zake na namba ya simu.

Tangu hapo simu hazikupoa, na Cephas akampa jina la nyar Rusinga, binti wa Rusinga.

"Nyar Rusinga, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, chapati yangu, uko kwa jiko gani leo?"

"Niko Nairobi kazini. Narudi Jumatatu."

"Kazi gani hiyo ya wikendi tu? Ama uko na bibi huko?"

Kazi yenyewe alimwambia ana kwa ana, wakila samaki Homa Bay, katika hoteli moja inayotazama ziwa. Cephas alikuwa mwanamieleka wa Radi, kampuni kubwa kuliko zote, ile ambayo mashindano yake huonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi. Jina lake la ulingoni lilikuwa Jajuok. Taa zilipozimwa, aliingia akikimbia, kifua wazi, uso umepakwa majivu, akiwarushia watu mchanga.

Filister alicheka hadi akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika.

"Cephas. Baba yangu asijue."

Nairobi jambo hilo ni kichekesho. Kando ya ziwa, jajuok ni mtu anayesemwa kukimbia uchi gizani na kurusha mawe juu ya mapaa ya wenzake, na husemwa kwamba tabia hiyo inakwenda na damu, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Ukoo ukishatajwa hivyo, wazee huuliza njia nyingine ya kupita. Kabla ya posa watu hupeleleza, na hilo ndilo la kwanza wanalopeleleza. Mochama, mwenye kampuni ya Radi, hakutoka upande huu wa ziwa. Alilisikia neno hilo akalipenda, akampaka Cephas majivu. Cephas alikuwa kijana mwenye njaa ya kutazamwa, akakubali. Hakufikiri kwamba siku moja atapenda msichana mwenye baba.

Na baba alijua. Mzee Nicholas, mzee wa kanisa kule Rusinga, hakuwa na televisheni, lakini majirani walikuwa na simu. Alimwita binti yake, akamwambia polepole, "Nyathina, mwanangu, lisemwalo lipo."

"Baba, ni mchezo! Hata nani ashinde wanapanga."

"Basi aoshe uso mbele ya watu na aseme jina lake. Nikimwona, watu wake wanaweza kuja kuposa."

Hilo tu ndilo Cephas alilotaka duniani: kuingia Rusinga kwa jina la baba yake, akae kwenye kiti cha mkwe. Alikwenda Nairobi akamwambia Mochama anaacha kazi.

Mochama alikuwa mtu wa suti za kung'aa na sauti laini. Hakugomba. "Unaniacha wakati unajaza viwanja? Haya. Lakini unajua sheria yetu, omera, ndugu yangu. Anayeondoka huanguka kwanza. Jina Jajuok linabaki kwangu."

"Baki nalo. Mimi nataka maji na maikrofoni. Homa Bay, mbele ya watu wetu."

"Utaanguka, refa atahesabu, utaletewa maji, utaosha uso, utaongea. Nimekupa neno langu."

Cephas alimshukuru. Alimshukuru kweli, kwa mikono miwili, na mimi nikikumbuka hapo huona uchungu.

Wiki hiyo Mochama alimpigia Filister.

"Shemeji! Usishtuke, mimi ni bosi wa mtu wako. Tunampangia kitu kizuri siku ya kuaga, lakini asijue. Tunataka kumheshimu mama yake. Wewe umemwona mama?"

"Nilienda kwao Karungu Pasaka. Mama Emmaculate. Alinipikia obambla, samaki wa kukausha, mpaka nikashindwa kusimama."

"Safi kabisa. Hebu nieleze nimjue nikimwona. Anavaaje?"

Filister, kichwa kimejaa harusi, alimwaga yote. Kwamba mama hufunga kitambaa cha kijani cha chama cha akina mama wa kanisa. Kwamba huchechemea mguu wa kushoto tangu aanguke. Kwamba kila akimaliza kusema huongeza, Nyasaye ng'eyo, Mungu anajua. Hata sauti aliiga, Mochama akacheka sana upande wa pili.

"Wueh, shemeji, unafaa televisheni. Sasa usimwambie, utaharibu."

Hakumwambia. Siri tamu ni ngumu kuitunza, lakini aliitunza, masikini.

Jumamosi hiyo uwanja wa Homa Bay ulifurika. Filister alikaa safu ya mbele kwa gauni jeupe lenye maua ya zambarau, na kando yake Mzee Nicholas kwa koti la Jumapili, kofia magotini. Cephas aliingia mbio, akarusha mchanga wake wa mwisho, akapigana vizuri, akaanguka kama walivyokubaliana. Refa alihesabu. Maji yakaletwa kwenye beseni.

Aliosha uso hadi majivu yote yakatoka. Watu wakamwona: kijana tu, mwenye macho mekundu na tabasamu la aibu. Filister alimfinya baba yake mkono. Mzee alitikisa kichwa kukubali, na Cephas alimwona akikubali. Akachukua maikrofoni.

"Watu wangu, mimi naitwa..."

Haikutoa sauti. Aliigonga. Na hapo sauti ya Mochama ikajaa uwanja mzima, kutoka kwa maikrofoni nyingine.

"Mmeuona uso! Sasa mlijue jina. Anaitwa Cephas Omanga, wa Karungu! Na mnadhani tulimfundisha sisi? Muulizeni mama yake!"

Akapanda ulingoni mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kijani, akichechemea mguu wa kushoto.

"Nimechoka kuficha," akasema yule mwanamke. "Babu yake alikimbia. Baba yake alikimbia. Huyu nilimfundisha mwenyewe. Nyasaye ng'eyo."

Watu walicheka mwanzoni. Waliokaa mbali wakaendelea kucheka. Lakini kulikuwa na watu wa Karungu pale, waliokaa nyuma mno kuona sura ya mwanamke, na kitambaa hicho walikijua, na mguu huo, na maneno hayo. Hao hawakucheka. Kila mtu Homa Bay anajua mieleka ni mchezo. Mama wa mtu si mchezo.

Cephas alimrukia Mochama akamkaba koo. Wanamieleka wenzake wanne walimvuta, naye akawapiga kwelikweli. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupigana kweli ulingoni, na mashabiki walisema siku hiyo aliigiza vibaya.

Mzee Nicholas alivaa kofia yake, akasimama. "Twende nyumbani," alimwambia binti yake.

Njia nzima Filister alilia. "Baba, yule si mama yake! Mimi nimemwona mama yake. Yule ni mwigizaji, amevaa tu kitambaa kama chake!"

"Na mwigizaji alikijuaje kitambaa?"

Filister akafuta machozi kwa upindo wa gauni. Jibu alikuwa nalo.

Cephas naye aliuliza swali hilohilo kwa simu, siku ya pili.

"Fili, ni nani alimwambia Mochama kuhusu mama?"

"Cephas, jaherana, mpenzi wangu, nisikize kwanza..."

"Ni nani?"

"Mimi. Aliniambia wanataka kumheshimu. Aki ya Mungu, nilidhani..."

Cephas alikata. Filister alipiga tena, Cephas hakushika. Alipiga asubuhi, mchana, akatuma sauti akilia, akatuma sauti akimtukana, akatuma nyingine ya kuomba msamaha kwa matusi. Hazikujibiwa.

Wakati huo mchuma janga alikuwa akila na wa kwao. Kule Karungu hakuna aliyemtukana Mama Emmaculate, na ingekuwa afadhali wangemtukana. Walinyamaza tu alipofika. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Ufuoni, aliponyoosha beseni anunue dagaa wa omena, muuzaji alisema wameisha, na omena walikuwa wameanikwa pale nyuma yake, chandarua kizima. Alijaribu kueleza kwamba siku ile hakutoka nyumbani. Walimwitikia kwa adabu sana. Wengine walikuwa wameiona video na sura wakaiona si yake; wakasema jajuok hubadilika.

Mwezi ulipokwisha Filister alishindwa kuvumilia. Alimwachia Mulki funguo za duka, akavaa lile gauni jeupe, akaenda Karungu. Aliposhuka penye kibanda cha chai aliuliza njia, na wanawake waliokuwa wakichambua omena walitazamana.

"Kwa Omanga? Kwa jajuok?"

"Kwa Omanga," alisema.

"Wewe ni bibi yake? Utafundishwa kukimbia, nyathina, na hizo viatu!"

Walicheka. Mbele kidogo mwanamke mwingine alimwita chi jajuok, mke wa jajuok, na mtoto akalirudia akamfuata nalo hadi langoni. Filister hakugeuka. Alikuwa na kiburi chake, na siku hiyo alikitumia chote kwa ajili ya mwanamume.

Cephas alikuwa uani akishona wavu, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Alipomwona aliuacha wavu. Niseme ukweli: bado alimpenda, alimpenda hata akachukia.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimegombana na baba. Amesema nikija huku nisimletee mkwe. Nimekuja." Alifuta jasho kwa kiganja. "Nilikosa, Cephas. Nilisema mambo ya mama yako kwa mtu mbaya. Lakini tangu barabarani mpaka hapa wameniita chi jajuok, na sijarudi nyuma. Hiyo jina nimeibeba. Sasa niambie, utanioa, ama nimetukanwa bure?"

Cephas alifungua mdomo, na neno la ndiyo lilikuwa karibu kabisa. Wakati huohuo Mama Emmaculate aliingia langoni, akichechemea, beseni kwapani, tupu. Alimwona msichana. Hakuonyesha hasira.

"Karibu, nyathina," alisema. "Leo pia wameisha omena. Nyasaye ng'eyo."

Maneno hayo mawili yakamrudisha Cephas ulingoni. Alimtazama Filister, akaisikia sauti yake ikimwiga mama kwa simu, ingawa hakuwahi kuisikia. Na mtu aliyedhalilishwa mbele ya uwanja mzima hutafuta mmoja tu wa kumdhalilisha.

"Umetukanwa bure," alisema.

"Cephas!" mama akasema. "Mwache hata anywe maji."

"Atakunywa kwao. Mdomo wake umeshakula nyumba hii, hakuna kilichobaki. Nenda, Filister. Baba yako alikuwa na haki. Na hata kama dunia ingebaki na wewe peke yako, singekuoa."

Alirudi kwenye wavu wake. Hakushona hata fundo moja, lakini hakuinua uso. Filister alingoja ainue. Alingoja muda mrefu kuliko heshima yake, kisha akageuka akatoka.

Penye kibanda cha chai wale wanawake walikuwa bado wanachambua omena. Walimwona anarudi peke yake, wanja umemwagika mashavuni, na safari hii hawakucheka. Mmoja akamuuliza kwa upole, "Nyathina, umeona nini huko?"

Mara ya kwanza Filister alikuwa amesema bila kujua. Sasa alijua vizuri neno moja linaweza kumfanya mtu nini. Akilini alimwona Mama Emmaculate na beseni lake tupu, alimwona waziwazi. Kisha akasikia tena lile "umetukanwa bure."

"Ni kweli," alisema. "Anakimbia. Yeye na mama yake. Nimewaona na macho yangu."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Wakasogea, wakampa kiti, na mmoja akamkaribisha chai.