Gitaa Lisilo na Mvumo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa magitaa, nami nayasema kama alivyonisimulia. Tangu mkewe afariki alikuwa akiishi peke yake nyuma ya karakana, na siku nzima ingepita bila mtu kubisha hodi.

Gitaa lake la umeme lilikuwa na mvumo uliomkera. Akaenda dukani kutafuta pikapu mpya, vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi.

"Chukua hizi za betri, kaka," muuzaji akamwambia. "Zimetulia. Usipopiga, husikii kitu."

"Kimya ninacho tele nyumbani," akajibu. Wakacheka, akazinunua.

Jioni akang'oa za zamani, akalehemu nyaya, akapachika betri mgongoni mwa gitaa. Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, umeme ukakatika. Karakana haina dirisha. Likawa giza totoro. Spika yake ndogo nayo ilikuwa ya betri, basi akachomeka waya wa gitaa, akaiwasha kwa kupapasa na kuongeza sauti hadi mwisho.

Kweli, mvumo haukuwepo. Palikuwa na pumzi. Mtu alikuwa akihema taratibu, karibu kabisa na nyuzi. Rafiki yangu akadhani anajisikia mwenyewe, akabana pumzi. Ile nyingine ikaendelea.

Anasema upweke ulishinda hofu. Akanong'ona, "Bibie, ni wewe?"

Kwenye spika pumzi ikasita ghafla, kama ya mtu aliyejificha akagundua kwamba amesikika.