Dawa Aliyoiacha Mzee Kilian

Kila asubuhi Mama Getrude alianika usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, mbele ya nyumba yake kijijini Mbaha. Mumewe, Mzee Kilian, alikuwa fundi wa mitumbwi. Binti yao Rosina alikuwa muuguzi huko Mbinga. Mwezi ule alikuja nyumbani kwa likizo ya kujisomea.

Rosina alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa juu wa uuguzi, somo la dawa. Somo hilo hufundisha namna kila dawa inavyofanya kazi mwilini. Mara ya kwanza alianguka. Akianguka tena, nafasi yake chuoni atapewa mwingine. Basi alikariri. Alikariri akisonga ugali, alikariri akifua ziwani. Alikariri kwa sauti, tena kwa Kiingereza, maana mtihani ulikuwa wa Kiingereza.

"Kasuku wetu ameanza," Mzee Kilian alimtania.

Mzee Kilian alikuwa na shinikizo la damu, ugonjwa ambao watu wengi huuita presha. Zahanati walimpa vidonge vya propranololi, ameze kila siku. Alimeza mpaka kichwa kikaacha kuuma. Vidonge vilipokwisha, hakurudi kuchukua vingine.

"Nimepona," alimwambia mkewe. "Mtu mzima hali dawa."

Kichwa kilipouma tena, alimtuma mkewe dukani. Siku hizo biashara ilikuwa imeachiwa huru, na maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefika mpaka vijijini. Muuzaji hakuuliza nani anaumwa wala ana ugonjwa gani. Alitoa vidonge vya maumivu, akageukia mteja mwingine.

Alasiri moja Mzee Kilian aliweka chini tezo ya kuchongea mtumbwi.

"Rosina, hiyo propranololi unayoitaja, siyo dawa yangu ile?"

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Kitabu kinasemaje juu yake?"

"Ni maneno marefu, Baba. Niache nimalize ukurasa huu. Nitakuambia."

Mzee akarudi kwenye kazi yake. Rosina akaendelea kusoma. Ukurasa ule ulionya kwamba mgonjwa asiiache dawa hiyo ghafla. Rosina aliyatamka maneno hayo vizuri kabisa, baba yake yupo pale pale. Lakini Mzee Kilian hakujua Kiingereza. Jioni ilifika, wakala, wakalala. Rosina alisahau kumwambia.

Jumapili iliyofuata Mzee Kilian alikuwa akifunga vifungo vya shati ili aende kanisani. Mara mkono wake wa kulia ukaanguka. Mdomo ukapinda. Alitaka kumwita mkewe, ikatoka sauti tu isiyo na neno.

"Mama! Baba amepata kiharusi!" Rosina alipiga kelele.

Waliomba lori la wachuuzi wa usipa, wakapanda mlima kwenda Mbinga. Hospitalini daktari alimpima, kisha akauliza, "Alikuwa anatumia dawa ya presha?"

"Aliacha," alijibu Mama Getrude. "Alisema amepona."

Daktari alitikisa kichwa. "Mshipa umepasuka kwenye ubongo. Huenda ataishi. Lakini mkono, mguu na usemi, siwezi kuahidi."

Walipotoka nje, Mama Getrude alimkabili binti yake.

"Kuacha dawa kunaweza kuleta haya?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua?"

"Nilijua. Imo kitabuni."

"Ndiyo hayo uliyokuwa ukiimba nyumbani kila siku?"

Rosina alilia. Mama yake hakumbembeleza.

"Sisi tulikuwa mbele yako," alisema, "wewe ukasema na kitabu."

Rosina aliamua kuacha mtihani. Bwana Ignatio, mfamasia wa hospitali, alimkuta kando ya kitanda cha baba yake, kitabu kimefungwa. Bwana Ignatio alikuwa mtu wa Bukoba, aliyehamishiwa Mbinga kikazi.

"Sista Rosina, husomi?"

"Nisome ili iweje? Majina yote ninayo kichwani. Baba ndiye huyu."

"Niambie basi. Propranololi inafanya nini?"

Rosina akaanza kutiririka kwa Kiingereza. Bwana Ignatio akainua mkono.

"Hapana. Mwambie mama yako."

Rosina akamgeukia mama yake. Alitafuta maneno, hakuyapata. Hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa amekariri tu, hajaelewa.

"Sikiliza," alisema Bwana Ignatio. "Kila dawa iulize. Inafanya nini mwilini? Nani asipewe? Inaweza kumdhuru vipi? Mgonjwa akiiacha itakuwaje? Kisha mweleze mtu ambaye hakusomea. Akikuelewa yeye, na wewe umeelewa. Mtihani utaujibu."

Mama Getrude alikuwa amekaa sakafuni, hajamtazama mtu. "Nieleze basi," alisema. "Kwa nini alijisikia mzima?"

Rosina akajaribu tena, polepole. "Presha mara nyingi haina maumivu, Mama. Damu inasukuma mishipa kwa nguvu, na mtu hasikii kitu. Dawa inapunguza nguvu hiyo, lakini haiondoi ugonjwa. Ukiacha, presha inapanda tena. Hii ya Baba ukiiacha ghafla, presha inaweza kupanda kwa kishindo."

"Na inawafaa wote?"

"Hapana. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Ndiyo maana si ya kujinunulia ovyo."

Tangu siku hiyo walisoma hivyo. Mama Getrude hakuwa msikilizaji mpole. "Sijaelewa," alisema kwa ukali. "Rudia." Rosina alirudia mpaka mama yake akaweza kueleza mwenyewe kwa Kinyasa, lugha ya kwao.

Rosina alifaulu. Alipoleta habari Mbaha, Mzee Kilian alikuwa ameketi mlangoni. Alimeza dawa zake kila siku, na presha ilikuwa imeshuka. Lakini mkono wake wa kulia ulilala mapajani, na usemi haukurudi. Rosina alimweleza. Mzee alimtazama, kisha akageuza uso akatazama ziwa. Rosina hakujua kama baba yake amefurahi, wala hakuthubutu kuuliza.

Wiki hiyo alikuja Tarsisi, mdogo wake Mzee Kilian. Yeye pia alikuwa na presha.

"Shemeji, mimi vidonge nimeacha," alimwambia Mama Getrude. "Naona niko mzima."

Rosina alitaka kujibu, lakini mama yake alimtangulia.

"Shemeji, kujisikia mzima si kupona. Ni dawa iliyokuwa ikikushikilia. Rudi ukaichukue, usiiache tena mpaka mganga wa zahanati akuambie. Ikikusumbua, mwambie huyo huyo mganga, si muuza duka."

"Hata kama siumwi popote?"

"Kaka yako naye alipoacha alikuwa haumwi popote."

Tarsisi akageuka. Mzee Kilian alikuwa akinyanyua kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Uji ulimwagika kidevuni, ukachuruzika mpaka kifuani. Mama Getrude alichukua kitambaa akamfuta.

Tarsisi hakungoja chakula. Alishika njia ya zahanati. Walimpima, wakakuta presha iko juu sana, wakamrudishia dawa.

Anazimeza mpaka leo. Anatembea kwa miguu yake na kuongea kwa kinywa chake. Akifika kwa kaka yake, huongea kwa niaba ya wote wawili.