Gari Lililopewa Mvuke wa Mwisho

Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu kwa ndani. Gari limekaa mwaka mzima kwenye ghala la shayiri huko Isokyrö, milango imefungwa, betri imetolewa, na bado upande wa abiria kioo kimefifia kama vile kuna mtu amekaa pale anahema.

"Unyevu tu," akasema Tuukka Hietala, akafungua mlango na kupangusa kwa mkono wa koti.

Ukungu ulikuwa wa uvuguvugu. Nje maji kwenye ndoo yalikuwa yameganda. Tuukka aliliona hilo, akalimeza, kwa sababu tayari alishalipenda gari, na mwanaume aliyependa gari haoni kitu. Mnajijua.

Muuzaji alikuwa mzee mfupi wa maneno, anauza gari la marehemu kaka yake. Hakuingia ghalani. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Tabo inavuja oili. Breki za nyuma zimeshika," akasema. "Na usiliongeleshe."

"Nisiongee na gari?" Tuukka akacheka. "Mzee wangu, mimi naongea hata na spana."

"Nimekusikia tangu umefika. Ndiyo maana nakwambia."

Sisi watu wa uwanda wa Pohjanmaa tunasemwa Ufini nzima kwa kujisifu. Sasa Tuukka alikuwa anajisifu mpaka sisi wenyewe tunachoka, na hiyo si kazi ndogo. Aliliburuta gari hadi Kauhava kwa trela, na kila kituo cha mafuta akasimama, eti kukagua kamba. Kamba gani. Alitaka watu walione: jeusi, milango miwili, la mwaka tisini na moja, tabo kubwa kama kichwa cha mtoto. Tabo, kwa ninyi mnaotembea kwa miguu, ni feni. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha, nayo inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Gari linapumua, halafu pumzi yake yenyewe inaliongezea njaa.

Akaliingiza kwenye sauna.

Ndiyo, sauna. Ile ya babu yake, chumba cha magogo cha kuogea mvuke, ambamo babu alizaliwa na ambamo alioshwa alipokufa. Tuukka alikuwa amebomoa ukuta wa chumba cha kuvulia nguo ili apate gereji. Jiko la mawe akaliacha kwenye kona limpe joto wakati wa kazi. Majirani walisema. Yeye akasema wana wivu.

Mkewe, Henna, aliacha tu kuingia humo. Henna alikuwa na mimba ya miezi sita, na ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa. Pumzi zake tulikuwa tunazijua wote. Angeweza kushika sauti moja mpaka wazee wa benchi la mwisho wakaanza kutafuta leso.

Jumamosi Tuukka alifanya kazi mchana kutwa. Alifungua breki za nyuma, akabadilisha plagi, akatoa mpira wa hewa uliopasuka, akaliziba bomba la oili la tabo kwa gasketi mpya. Jiko lilikuwa linawaka, mawe yamekolea. Alipowasha gari, liliitika mara ya kwanza. Alipokanyaga, tabo ikapiga mluzi, mwembamba, unapanda, unapanda, mpaka nywele za shingoni zikasimama.

"Umesikia huyo," akamwambia nani sijui. Alikuwa peke yake.

Sasa, kwetu anayetoka saunani mwisho hamwagi maji yote. Anabakiza kata moja, anaimwaga juu ya mawe, na mvuke unaopanda ni wa mwenye sauna, yule asiyeonekana anayelinda jiko. Mvuke huo tunauita löyly. Kila mtoto anafundishwa hivyo, na Tuukka alifundishwa. Mkono wake ukachota maji wenyewe, kwa mazoea. Lakini macho yake yalikuwa kwenye gari.

"Haya mkubwa," akasema, akilipigapiga boneti. "Löyly ya nyumba hii yote ni yako. Usibakize."

Akamwaga.

Mvuke wa sauna hupanda darini. Huu ulitambaa. Ulishuka pembeni mwa jiko, ukavuka sakafu chini chini, ukaingia kwenye matundu ya mbele ya gari, wote, bila kubakiza hata wa kulowesha kidole. Halafu ikaja harufu ya majani ya mti wa betula yaliyolowa, yale tunayojipigia saunani, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na oili iliyoungua.

"Inavuta vizuri," akasema Tuukka, safari hii kwa sauti ndogo.

Jumapili Henna alikatika pumzi katikati ya wimbo. Akashika kifua, akaomba radhi, akakaa. Jumatatu ngazi tatu za nyumbani zilimshinda. Jumanne walikwenda kliniki, nesi akasikiliza mapafu, akasema yako safi kabisa, mtoto anapanda tu na kubana mbavu.

Jumatano saa tisa alasiri, jua linazama, Tuukka alikuwa gereji anatafuta mluzi mwingine. Tabo ilikuwa na milio miwili sasa, wa kwanza ule wa feni, na chini yake mwingine kama mtu anayevuta hewa kupitia meno. Alikuwa anakanyaga na kuachia, kanyaga, achia, sikio limeelekea kwenye injini, alipomwona Henna mlangoni ameushika ukuta kwa mikono miwili.

"Zima," akasema Henna.

Akazima. Henna akavuta pumzi ndefu, yenye kukwaruza.

"Nilikuwa jikoni namenya viazi," akanong'ona. "Ukikanyaga, mimi nakatika. Ukiachia, narudi."

"Mke wangu, hayo mambo ya—"

"Nimehesabu, Tuukka. Mara sita. Washa tena unione."

"Siwashi."

"Washa. Kidogo tu. Nataka na wewe ujue."

Akawasha, akagusa pedeli kwa ncha ya kiatu, kidogo kama alivyoambiwa, na mluzi ulipoanza kupanda akamwona mkewe amefungua kinywa na hakuna kinachoingia, kifua kimesimama, mkono mmoja umekwenda tumboni, midomo inageuka rangi ya zambarau mbele ya macho yake huku mluzi ukiendelea kupanda ingawa mguu wake alikwisha kuutoa, na ilimbidi azungushe ufunguo, auchomoe, autupe sakafuni, ndipo injini ikanyamaza.

Wakatazamana.

"Usimwambie mama yangu," akasema Henna.

Tuukka ni fundi, na fundi akiogopa anafungua nati. Kesho yake alitoa betri akaiweka nje kwenye theluji. Akaifungua tabo kutoka kwenye injini, boliti moja moja, akaibeba mpaka kwenye meza ya kazi, akaifunga kwa gunia na juu yake akaweka jeki. Kipande cha chuma, hakina waya, hakina moshi, hakina kitu. Alikuwa amegeuka kuosha mikono aliposikia gunia linachakacha, na alipolifunua akaona mapanga ya feni yanazunguka taratibu, yenyewe, yakitoa hewa yenye joto la kinywa cha mtu, na kabla hajaelewa kwamba anachokisikia kinatoka nyumbani alisikia sahani zikianguka jikoni, akakimbia uani bila viatu, akamkuta Henna amepiga magoti kati ya vigae vilivyovunjika, akinyoosha shingo kama samaki aliyevuliwa chini ya barafu.

Hapo Tuukka akampigia simu Bibi Impi.

Bibi Impi Rintamäki anaumika, anatoa watu damu mbaya mgongoni kwa pembe. Nusu ya wilaya imemwacha aichanje migongo yao na kuibandika pembe zake za ng'ombe, na nusu nyingine inajidai haimjui. Alikuja Jumamosi mchana kwa kigari cha kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mguu, mkoba kwenye kiti. Alipita mlangoni mwa gereji, akanusa, hakuingia.

Alimkalisha Henna jikoni, akampaka mgongo maji ya moto, akachanja kidogo, akabandika pembe nne na kuzinyonya mpaka zikashika. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, nyembamba, na ilinuka oili iliyoungua.

"Jumamosi iliyopita nani alimwaga kata ya mwisho?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Mimi," akasema Tuukka.

"Ukasema nini?"

"Nilikuwa natania, bibi."

"Sikuuliza ulikuwa unafanya nini. Nimeuliza ulisema nini."

Akamwambia. Bibi Impi akatoa pembe moja, akaifuta.

"Zamani löyly haikuwa mvuke," akasema. "Neno ni lile lile, lakini wazee walikuwa wanalitumia kwa pumzi ya mtu. Ile inayomtoka mwisho. Wewe umechukua kitu kilichokuja na gari, umekiweka mahali pa mwenye sauna, ukakipa pumzi ya nyumba hii yote na ukakiambia kisibakize. Kinafanya ulivyokituma. Kinaanza na pumzi yenye nguvu."

"Na mtoto?" akauliza Henna, kwa pumzi mbili.

"Mtoto anapumua kwako."

Tuukka akavaa koti. "Nakwenda kulichoma."

"Gari ni nguo tu. Ukichoma nguo, mwenye nguo hafi." Bibi Impi akamshika mkono. "Neno umelitoa wewe, litengue wewe. Ingia, funga mlango, useme ya nyumba umeirudisha. Kitakuuliza badala yake nini. Usiwe mwepesi wa kujibu, mjukuu wangu. Nakusihi. Kwa mara moja maishani mwako, ongea kidogo."

Akaingia, akafunga mlango. Jiko hakuliwasha mtu, lakini mawe yalikuwa mekundu. Tabo ilikuwa imerudi kwenye injini, boliti zote zimekazwa, na kioo cha mbele kimejaa ukungu mweupe, si upande wa abiria sasa, upande wa dereva, na katikati yake pakawa na duara linalokua na kupungua, linakua na kupungua, kama mtu ameweka kinywa chake kwenye kioo na anasubiri.

"Löyly ya nyumba nimeirudisha," akasema Tuukka. "Ya mke wangu, ya mtoto, zote."

Mluzi. Mwembamba, kutoka chini ya boneti, bila injini. Ulipanda mwishoni kama swali.

Na hapa ndipo mtu mwingine yeyote angesema neno moja na kukaa kimya. Lakini huyu ni mtoto wa Pohjanmaa, hajawahi kununua hata farasi wa mbao bila kuvutana bei. Aliogopa, na bado alipofungua kinywa, ulimi ukaenda kule ulikozoea.

"Nakupa yangu," akasema. "Lakini si yote, usinione mjinga. Nusu. Löyly ya Jumamosi utapata kwangu, nusu, basi."

Akachota maji, akamwaga. Mvuke ukatambaa sakafuni, ukafika miguuni pake, ukampanda magotini, kiunoni, kifuani, akahisi kitu kinaingia kinywani na kuvuta, bila haraka, kama mtu anayenyonya mfupa, na alipodhani sasa ndiyo mwisho, kikaacha. Ukungu kwenye kioo ukakauka. Gari likawa gari.

Akatoka ameshika ukuta. Uani alisikia sauti ikitoka jikoni, moja, iliyonyooka, ndefu, haikatiki. Henna alikuwa anaimba, machozi yanamtiririka, na sauti ilikuwa haiishi.

Tuukka akakaa mezani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, lakini alitabasamu.

"Lilitaka yote," akasema. Akapumzika. "Nikalishusha bei." Akapumzika tena. "Nusu."

Bibi Impi alikuwa anamimina kahawa. Akaiweka birika chini.

"Nusu, mara moja?"

"Nusu."

"Nauliza ulisema mara moja, au ulisema Jumamosi?"

Tuukka akafungua kinywa. Walimwona analitafuta neno lenyewe, analirudia kichwani, na walimwona anapolipata.

"Siendi tena," akasema. "Jumamosi ijayo... siwashi jiko."

"Usipompa, anarudi kwenye neno la kwanza," akasema Bibi Impi. "Hilo alipewa kwanza."

Henna alikuwa ameacha kuimba. Tuukka akamtazama, akanyoosha mkono ampapase tumbo, akajaribu lile tabasamu lake la kwenye vituo vya mafuta.

"Nusu haiishi, mke wangu," akasema. "Ukikata nusu... inabaki nusu. Unakata tena... inabaki tena." Akavuta hewa. "Haifiki sifuri. Nimempiga bao."

Henna akainuka, akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa kando ya friji. Mtoto alitarajiwa mwisho wa Januari. Akaweka kidole kwenye Jumamosi inayokuja, akaanza kushuka, kila Jumamosi akiikata nusu pumzi iliyombakia mumewe. Zilikuwa kumi na moja.

Kidole kilisimama kwenye ya nne.