Taji la Inchi Ishirini na Moja na Nusu

Siku Ngurumo alipopoteza sauti ilianza vizuri tu. Fundi alikuwa kwenye chumba chake cha mavazi nyuma ya jukwaa, mguu kwenye cherehani, akimshonea mdogo wake joho. Mdogo wake huyo wenzake walimwita Mjumbe, kwa sababu miaka tisa mfululizo, kila tamthilia, alipewa kuingia, kutoa habari za vita na kutoka. Walimtania kwamba hata nyumbani akiitwa mezani huingia, husema "Nimefika", kisha huondoka bila kula. Fundi alicheka nao, ila moyoni iliuma. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea hadi akaota ndevu.

Mwaka huo kikundi kiliigiza tamthilia ya kale ya msimamizi wa ikulu aliyemuua mfalme wake, akakalia kiti, kisha ikabidi aendelee kuua ili asishuke. Muuaji huyo aliigizwa na Ngurumo, mtu mwenye shingo ya inchi kumi na saba na sauti ya kuamsha mtaa. Mjumbe alikuwa mjumbe, kama kawaida. Ndiyo maana Fundi alishangaa kuona karatasi ya vipimo aliyoletewa. Kola, inchi kumi na saba.

"Hii si shingo yako," alimwambia.

"Shona tu, dada. Nitaijaza."

Fundi akaona ni majivuno ya mtu aliyechoka kudharauliwa, akashona. Mchana huo Mjumbe akalivaa joho kwenye mazoezi, kola ikimpwaya. Ngurumo akafungua kinywa aseme maneno yake ya kwanza, ukatoka upepo mtupu. Daktari hakuona ugonjwa wowote. Kesho yake Mjumbe ndiye aliyesimama katikati ya jukwaa, na sauti iliyomtoka ilitikisa vioo vya madirisha. Watu wakasema kumbe kipaji kilikuwepo muda wote. Fundi alikuwa anaitazama kola, iliyomkaa barabara.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kumpa pole Ngurumo, akajidai anataka kumshonea shati, akampima. Inchi kumi na nne na nusu. Akarudia mara tatu. Ilikuwa shingo ya mdogo wake.

Shaka ikamwingia na haikutoka. Akaanza kumchunguza Mjumbe, anakokwenda, anaongea na nani, kwa nini hunyamaza watu wakiingia. Lakini kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa chake mwenyewe. Karatasi ya pili ilipokuja, koti la mabega inchi ishirini, alijua ni mabega ya nani. Katika kikundi kizima ni mwenyekiti peke yake aliyekuwa na mabega hayo. Fundi akajiambia watu wenye mabega mapana ni wengi. Akashona, kwa sababu mdogo wake alikuwa akimtazama vile alivyomtazama utotoni akiwa na njaa. Siku nne baadaye mwenyekiti aliamka amepinda, hawezi kuinua hata kikombe. Mjumbe akachukua nafasi yake, akaagiza asiitwe tena Mjumbe.

Wanakikundi hawakumtaka. Pembeni wakaanza kumtaja binti wa Fundi, aliyeigiza malkia, msichana mwepesi wa kushika, aliyejua kwa kichwa maneno ya waigizaji wote. Kura ya mwenyekiti ikapangwa Jumatatu. Jumapili asubuhi, siku ya onyesho, mjomba mtu akaja na karatasi ya tatu.

Taji. Inchi ishirini na moja na nusu.

Fundi hakufungua daftari la vipimo. Kichwa hicho alikuwa amekisuka tangu kikiwa na vinywele vya kuhesabu.

"Huyu ni mwanangu," alinong'ona.

"Ni vipimo tu." Sauti ya Ngurumo, kwenye mdomo wa mdogo wake. "Mabega ulishona ukijua, dada. Leo umekuwa mtakatifu?"

Alikuwa amesema kweli, na Fundi akaona aibu kuliko hofu. Angekataa, karatasi ingepelekwa kwa fundi mwingine. Akakubali. Akafunga mlango. Akashusha rafuni kichwa cha mbao kile mafundi hutengenezea kofia, kisicho na macho wala mdomo, akakizungushia utepe. Inchi ishirini na mbili kamili. Nusu inchi asiyekuwa fundi haioni. Akakata kitambaa kwa kipimo hicho.

Alasiri ukumbi ulijaa. Fundi alisimama nyuma ya pazia. Malkia akapiga magoti, akainuka, akamvika mfalme taji. Fundi alimtazama mwanawe. Hakuthubutu kupepesa jicho.

Binti akasema maneno yake yote. Hakukosea neno.

Ikawa zamu ya mfalme.

Mfalme hakusema. Alikaa kwenye kiti, macho wazi, mikono juu ya magoti. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Pazia likashuka. Bado amekaa. Wakamvua taji. Bado.

"Mama," binti alinong'ona, "mjomba haniangalii."

Mpaka leo haangalii mtu. Anakaa anapokalishwa, anameza anacholishwa. Jua likiwa kali hatoki jasho.

Jumatatu, kura ilipokuwa ikipigwa ukumbini, Fundi alikuwa peke yake chumbani na kile kichwa cha mbao. Alikipima. Inchi ishirini na tatu, kipimo cha kichwa cha mdogo wake. Ubao ulikuwa na joto. Chini ya dole gumba lake, pale ambapo mtu huwa na kipaji cha uso, kitu kilidunda.

Kikadunda tena.

Angeweza kushona taji jingine la inchi ishirini na tatu, akamvika mdogo wake, labda akamrudishia chake. Kitambaa anacho. Kila siku hujiambia kesho, kisha humwona binti yake kwenye kiti cha mwenyekiti, akicheka, na hukiacha kitambaa kimekunjwa. Kile kichwa amekirudisha rafuni, amekifunika shuka jeupe ili binti asikione. Kila asubuhi shuka hilo huwa limelowa, sehemu mbili tu, upande wa mbele.